Waya hauna neno

Fundi alikuwa juu ya ngazi, koleo ameliuma kwa meno, anapanga nyuzi nane za waya kwa rangi zake. Ilikuwa mara yake ya tatu kuipanda ngazi ile katika wiki mbili. Mimi nilikuwa chini, laptopu juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, nikiikodolea macho skrini isiyo na kitu.

"Imekuja?" akauliza.

"Haijaja."

Akazitia nyuzi kwenye kichwa kipya cha plastiki, akabana mpaka kikalia ta! Akachomeka kipimo chake. Taa zikawaka kwa zamu, moja mpaka nane, hakuna iliyoruka. Akashuka kidato kwa kidato, akaning'iniza koleo kiunoni.

"Yakhe, waya hauna neno. Tafuta kwengine."

Nilimjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Halikuwa tusi, lakini lilikuwa jibu la mtu aliyekwisha kumpata mkosa kabla ya kulipata kosa. Akakunja ngazi yake akaenda zake, hata nauli hakudai.

Wiki tano zimepita. Joto la samaki sasa linafika kila sekunde kumi. Lile jibu bado limenikwama kooni.

Ruta iliyoliwa na chumvi

Kazi yenyewe ni ndogo. Ghala la barafu huko Shimanzi, vyumba vinne vya baridi, kila chumba na kipima joto chake. Vipima joto vinazungumza na kisanduku kimoja ukutani, nacho kinaunda paketi, vifurushi vidogo vya data, na kuzituma kwa seva iliyo ofisini, ng'ambo ya ua. Hakuna intaneti hapo kati. Kuna waya mmoja mrefu na swichi moja.

Kisanduku hicho kwa miaka sita kilikuwa ruta kuukuu yenye chipu ya MIPS, ambayo mwenzangu aliyenitangulia kazini aliivua programu ya kiwandani, akaitilia OpenWrt, mfumo huria wa ruta, na programu aliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C. Kisha chumvi ikafanya kazi yake. Aliyekaa Mombasa hahitaji kuelezwa. Bawaba, antena, kamba za kuanikia nguo, meno ya plagi, vyote vinaliwa polepole na huoni anayekula. Siku moja ruta haikuamka.

Nikaleta bodi ndogo yenye chipu ya ARM, nikachukua msimbo ule ule, nikaukompaili upya, yaani nikaugeuza uwe lugha ya chipu hiyo, bila kugusa hata mstari. Haukulalamika. Programu ikaamka.

Joto halikufika.

Ikabidi kijana wa zamu aingie chumba baada ya chumba kila saa, jaketi mwilini, daftari na kalamu mkononi, kama enzi za kabla ya kompyuta. Kila akinipita alikuwa akinitazama tu. Hakusema kitu, na hakuhitaji kusema.

Saa 8

Kabla sijafika kwenye baiti, yale mafungu ya biti nane yanayobeba nambari ndani ya kompyuta, lazima nikiri jambo la siku ya kwanza ya fundi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimtumia ujumbe: "Kesho saa 8 ghalani." Asubuhi nikafika saa mbili, nikakaa mlangoni. Saa tatu. Saa nne. Simu yake haipokelewi. Saa sita nikawa nimeshaandaa hotuba nzima kuhusu mafundi wa mji huu. Akatokea saa nane mchana, mbichi kabisa, amebeba ngazi begani, ananisalimia kwa bashasha.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Nimechelewa wapi? Si umeandika saa nane? Nane hii hapa."

Akanionyesha simu. Ilisoma 2:00.

Mtu anayeshinda mbele ya skrini huanza kutaja saa kama skrini. Mimi niliandika 8 nikimaanisha ile ya kompyuta, naye akaisoma kama anavyoisoma mwana wa Mvita tangu azaliwe. Nambari ilikuwa sahihi ilipotoka kwangu, na ilikuwa sahihi ilipofika kwake. Ujumbe haukupoteza hata herufi moja njiani.

Siku hiyo sikuliona hilo. Niliona fundi mchelewaji, nikaliweka akilini, na nadhani ndilo lililonifanya nimwamini waya wake kidogo kuliko ilivyostahili.

Kumbukumbu zilifika

Programu ile ina kazi mbili za mtandao.

Kazi ya kwanza ni kutuma joto. Hiyo inaunda paketi kwa mkono, kichwa cha IP (chenye anwani) na kichwa cha UDP (chenye poti na urefu), kupitia soketi ghafi, yaani mlango wa mtandao unaokuachia ujaze vichwa mwenyewe, kwa sababu mwenzangu alitaka kila kipima joto kionekane kwa seva kwa anwani yake chenyewe, si kwa anwani ya kisanduku. Joto linakwenda poti 5000, yaani mlango wa seva wenye nambari hiyo.

Kazi ya pili ni kutuma kumbukumbu: nimeamka, kipima cha chumba cha tatu hakijibu, nimeshindwa hiki na kile. Hizo zinakwenda kwa soketi ya kawaida kabisa, poti 514, ambayo ni poti ya syslog, itifaki ya kumbukumbu za mashine, tangu zamani.

(Mtu wa Mombasa akisikia "poti" kichwa chake kinakimbilia bandari ya Kilindini. Tuvumiliane.)

Sasa, kumbukumbu zilifika zote. Kila mstari. Joto halikufika hata moja.

Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu siku ya pili tu nilikuwa nimeshamshuku mhusika halisi. Bodi mpya, chipu mpya, msimbo wa zamani: nani aliyewahi kuandika C ya mtandao asifikirie mpangilio wa baiti, yaani baiti ipi ya nambari inatangulia? Nikafungua msimbo. Nikaanza na sehemu ya kumbukumbu kwa kuwa ni fupi, nikakuta:

`addr.sin_port = 514;`

Bila `htons`, amri ya C inayozipanga baiti za nambari kama mtandao unavyotaka. Poti imeandikwa vivi hivi, kama unavyoandika umri wako.

Nikajenga hoja yangu, na bado naiona ni hoja yenye sura nzuri. Kama mpangilio wa baiti ungekuwa ndio tatizo, mstari huu ungepotea kwanza. Haujapotea. Kumbukumbu zinafika. Kwa hiyo si mpangilio wa baiti.

Nikamfuta mshukiwa. Sikurudi kwake kwa siku kumi na moja.

Katika siku hizo nilibadilisha swichi. Nilizima faiwoli ya seva, nikaiwasha, nikaizima tena. Nilimwita fundi mara tatu. Nilikaa kwenye seva nikiendesha `tcpdump udp port 5000`, programu ya kuchungulia paketi zinazopita, nikiichuja ionyeshe za poti 5000 tu, nikisubiri kama mvuvi aliyetupa ndoana kwenye beseni.

34835

Siku ya kumi na tatu nilichoka kuandika chujio. Sina sababu ya kishujaa. Nilikuwa na njaa, nikaandika `tcpdump -n` basi, nikabonyeza, mistari ikamwagika skrini nzima.

Katikati yake zilikuwapo anwani za vipima joto.

Zote nne. Kila sekunde kumi. Paketi zilikuwa zinafika tangu siku ya kwanza, zinavuka ua, zinapita kwenye ule waya usio na neno, zinaingia kwenye mashine ya seva. Ila zilikuwa zinakwenda poti 34835, na `tcpdump` ilikuwa inanung'unika pembeni kwamba urefu wake haulingani.

Nikatoa kikokotoo. 5000 kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa kumi na sita, ni 1388: baiti mbili, 13 na 88. 34835 ni 8813.

Baiti zile zile, zimepinduliwa.

Urefu nao vilevile. Kila paketi ina baiti 24 za joto na 8 za kichwa cha UDP, jumla 32, yaani 0020. Kilichoandikwa kwenye kichwa, seva ilikisoma 2000, yaani 8192. Paketi ya baiti 32 inayodai ina baiti 8192. Kerneli ya seva, yaani kiini cha mfumo wake, ilikuwa inazitupa kimya kimya na kuhesabu kosa moja kila mara. Baadaye niliangalia hesabu hiyo kwa `netstat -su`. Ilikuwa imeshapita laki mbili. Muda wote ilikuwapo pale, kwa yeyote atakayeuliza.

Na kwa nini paketi zilifika kabisa? Kwa sababu Linux, ukiipa kichwa cha IP ulichokiunda mwenyewe, huandika upya urefu wa jumla na cheksamu ya IP, ile jumla ya kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani, bila kukuuliza. Bahasha ya nje ikarekebishwa na kerneli; barua ya ndani ikaachwa ilivyo. Wema huo ulinichelewesha. Kama bahasha nayo ingeharibika, ningejua mapema.

Ikabaki 514.

Nilikaa nayo kitambo kabla sijathubutu kuiingiza kwenye kikokotoo. 514 kwa heksadesimali ni 0202.

Mbili, mbili. Ipindue, ni ile ile.

Ushahidi wangu wote wa kumfuta mshukiwa ulisimama juu ya nambari moja, na nambari hiyo ni mojawapo ya zile 256, kati ya 65536 za biti kumi na sita, ambazo hazijali unazisoma kutoka upande gani.

Khamsa wa ishrin

Nilicheka peke yangu pale ofisini, halafu nikanyamaza, kwa sababu nilimkumbuka maalim.

Tulikuwa tunatoka shule mchana, tunakula, jioni tunaingia madrasa. Shuleni mwalimu anasema ishirini na tano. Madrasani maalim anasema khamsa wa ishrin, tano na ishirini. Watoto wale wale, nambari ile ile, siku moja. Shuleni mkubwa anatangulia, madrasani mdogo anatangulia. Hakuna aliyetueleza, na hakuna aliyekosea, maana mlango wa madrasa ulitosha kukukumbusha umeingia wapi.

Mpaka leo nalifurahia jambo moja katika Kiswahili. Ishirini tumeikopa kwa Waarabu, thelathini tumeikopa, arobaini mpaka tisini. Maneno tukayachukua, mpangilio tukauacha. Tukaendelea kusema kubwa mbele.

Mashine nazo zina desturi zao. Ruta yangu ya MIPS ilikuwa ya mkubwa mbele: 5000 inakaa kwenye kumbukumbu (memori) yake kama 13 kisha 88. Bodi ya ARM, kama laptopu yangu na karibu kila kompyuta unayoigusa leo, ni ya mdogo mbele: 88 kisha 13. Na njia kuu, mtandao wenyewe, ni ya mkubwa mbele. Waraka wa IP wa Septemba 1981, RFC 791, uliohaririwa na Jon Postel, una kiambatisho kizima cha kusema baiti ipi inatangulia.

Ugomvi huu ulikuwa mkali kiasi kwamba mwanakompyuta Danny Cohen aliuandikia ombi la amani, lenye tarehe 1 Aprili 1980. Majina ya kambi mbili aliyatoa kwenye hadithi ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, ambamo watu wanapigana vita kwa sababu ya upande wa kuvunjia yai. Hoja yake ilikuwa kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko upande mtakaokubaliana. Nakubali, lakini nina manung'uniko yangu. Njia ilichagua mkubwa mbele, kisha viwanda vikajaza dunia mashine za mdogo mbele, na sisi waandishi wa C tukaachwa mlangoni milele, tunageuza.

Na kuna waliovuruga zaidi. Kwa Kiarabu mia na ishirini na tano ni mia, tano, ishirini. Mkubwa mbele, halafu mdogo, halafu wa kati! Niliwahi kudhani hakuna kompyuta ingethubutu. Ilikuwapo: PDP-11, nambari za biti 32, nusu kubwa mbele, na ndani ya kila nusu baiti ndogo mbele. Maalim angeielewa mara moja.

Kinachonivutia kuhusu `htons` ni kwamba ni saa yetu hasa. Ukitaka kugeuza saa ya Kizungu kuwa ya Kiswahili, unaruka sita. Ukitaka kurudi, unaruka sita tena. Upande wowote, ni tendo moja. `htons` na `ntohs` nazo ndivyo zilivyo: moja ya kutoka, moja ya kuingia, na ndani yake zote zinapindua tu. Ukikosea ukatumia moja mahali pa nyingine, hakuna kitakachoharibika. Ukigeuza mara mbili umerudi ulikotoka. Na kwenye mashine ya mkubwa mbele hazifanyi kitu kabisa.

Nikaitia kila mahali

Ningependa kusema usiku huo nilirekebisha, nikaenda kulala. Nilirekebisha kama mtu anayetia chumvi kwa hasira.

Kila nilipoona `=` kwenye vichwa vile, nikaweka `htons`. Poti ya kutoka, poti ya kuendea, urefu. Nikaiweka hata kwenye TTL, hesabu ya ruta ambazo paketi inaruhusiwa kupita. TTL ni baiti moja. Baiti moja haina mbele wala nyuma. 64 ikigeuzwa na `htons` inakuwa 4000 ya heksadesimali, na ukiibana hiyo iingie baiti moja inabaki sifuri. Kompaila ilinionya. Hilo ndilo onyo pekee ililonipa katika kisa hiki chote, na lilikuwa juu ya kosa nililolifanya nikisahihisha.

TTL nikairudisha. Bado joto halikufika. Sasa poti ni 5000, urefu ni 32, kila kitu kwenye skrini kinapendeza, na seva inatupa.

Cheksamu.

Cheksamu ya UDP inapatikana kwa kujumlisha maneno, yaani mafungu, ya biti kumi na sita, moja baada ya moja, na kinachofurika juu kinarudishwa chini. Mwisho unageuza biti zote. Mimi nilikuwa nimeifunga `htons` kwenye jibu, kwa kuwa nayo ni ya biti kumi na sita na nayo inasafiri. Mantiki safi. Na ilikuwa makosa.

Nililazimika kuifanya kwa kalamu ndipo niamini, nyuma ya risiti. Chukua 8001 na 9002, zote za heksadesimali. Jumla ni 11003. Ile moja iliyofurika irudishe chini, unapata 1004. Sasa pindua baiti za zote mbili: 0180 na 0290. Jumla ni 0410. Na 0410 ni nini? Ni 1004 iliyopinduliwa.

Kwa hiyo ukisoma maneno kutoka kumbukumbu ya mashine kama yalivyo, ukajumlisha, ukaandika jibu kama lilivyo, baiti zinakaa mahali pake kwenye mashine ya desturi yoyote. Kile kinachofurika juu na kurudi chini ndicho kinachozifanya baiti mbili zitendewe sawa, kama kwamba zimekaa duara badala ya foleni. Waraka wa RFC 1071 wa mwaka 1988 unalieleza hili kwa utulivu mkubwa. Nilikuwa nimeupita mara nyingi nikitafuta kipande cha msimbo cha kunakili.

Nikaiondoa `htons` kwenye cheksamu.

Bado.

Hapo ndipo nilipolala kweli, kichwa juu ya meza. Alfajiri, adhana ya kwanza ikanikuta natazama mstari huu:

`sum += 17;`

17 ni nambari ya UDP. Cheksamu ya UDP haijumlishi kichwa chake na data peke yake. Inajumlisha pia anwani mbili, nambari ya itifaki na urefu, kutoka kwenye kichwa cha kubuni ambacho hakisafiri kamwe. 17 ile haikuwa kwenye paketi. Haikuwa na `=` mbele yake. Ndiyo maana niliipita nilipokuwa natia chumvi kila mahali. Lakini ilikuwa inajumlishwa pamoja na maneno yaliyokwisha kuvaa buibui ya safari, nayo imo humo na leso ya nyumbani. Kwa bodi yangu ilitakiwa 17 iliyopinduliwa, 1100 ya heksadesimali, yaani 4352. Mstari uliofuata, wa urefu, ulikuwa na kosa hilo hilo.

Mahali pamoja nilitakiwa kuondoa, mahali pawili nilitakiwa kuongeza, na kanuni ya "tia `htons` kila mahali" isingenifikisha popote.

Nikageuza mistari miwili. Seva ikaandika: chumba cha 1, nyuzi 18 chini ya sifuri.

Lilikuwa kosa?

Mwenzangu aliyeandika msimbo ule siku hizi yuko Doha. Nilimtumia ujumbe wa sauti, na nakiri ulikuwa na kejeli kidogo. Nilimuuliza kama alisahau.

Akajibu kwa sauti pia, nyuma yake magari.

"Ami, sikusahau. Mwanzo nilikuwa nazo. Nikaangalia msimbo wa mashine uliotoka, nikaona hazifanyi kitu pale, nikazitoa. Msimbo ukawa msafi. Ilikwenda miaka sita au haikwenda?"

Ilikwenda.

Jibu hilo limenisumbua kuliko hitilafu yenyewe. Kwa miaka sita kila paketi iliyotoka kwenye ruta ile ilikuwa sahihi baiti kwa baiti. Ukiweka majaribio yoyote unayotaka juu ya mashine ile, yanapita. Hakuna samaki aliyeoza kwa sababu ya uamuzi wake. Sasa kosa lilikuwapo, au lilizaliwa siku nilipoleta bodi yangu?

Kwanza nilitaka kusema lilikuwapo, limelala. Halafu nikaona nasema hivyo kwa kuwa inanipunguzia mimi. Baadaye nikaegemea upande wa pili: kwamba yeye aliandika kwa ajili ya mashine moja, na mimi ndiye niliyehamisha nyumba bila kuuliza desturi za mtaa mpya. Siku nyingine naona `htons` haikuwa ya mashine hata kidogo, ilikuwa ya msomaji. Ilikuwa njia ya kuandika "nambari hii inatoka nje" mahali ambapo kompaila haijali. Alipozitoa, chipu haikupoteza kitu. Mimi nilipoteza.

Huko ndiko ninakoelekea, ingawa sijafika kabisa. Maana hata mimi nina `514` yangu mahali, naamini hivyo, kitu kinachofanya kazi kwa sababu ya pale kilipo tu, na sikijui.

Nilichofanya kwenye msimbo ni kidogo. Niliacha kuziandika nambari ndani ya vichwa kwa pointa, yaani nzima nzima kama zinavyokaa kwenye memori, nikawa naziweka baiti moja moja:

`p[0] = v >> 8;`
`p[1] = v & 0xff;`

Kuhamisha biti kunafuata thamani ya nambari, hakufuati inavyokaa kwenye kumbukumbu. Kubwa kwanza, ndogo baadaye, iwe MIPS, iwe ARM, iwe chochote kitakacholetwa chumvi ikiimaliza hii nayo. Msimbo hauulizi tena uko nyumbani kwa nani. Cheksamu nayo inasoma baiti mbili mbili kwa njia hiyo hiyo, na 17 imerudi kuwa 17. Ni polepole zaidi? Paketi nne kila sekunde kumi. Acha iwe polepole.

Na majaribio nimeyapa poti 4660, ambayo ni 1234 ya heksadesimali. Ikipinduka utaiona hata ukiwa usingizini.

0202

Kulibaki mstari mmoja. Ule wa kumbukumbu.

Nikaandika `addr.sin_port = htons(514);`, nikakompaili, nikapeleka kwenye kisanduku. Kumbukumbu zilikuwa zinafika kabla, zikaendelea kufika baadaye. Hakuna jaribio duniani litakaloonyesha kwamba kuna nilichofanya. Niliuangalia mstari ule muda mrefu kuliko mistari mingine yote.

Kisha nikamwandikia fundi. Nilianza mara tatu nikafuta. Mwisho nikamweleza kwa ufupi: waya ulikuwa hauna neno, kosa lilikuwa langu, na maneno yangu ya siku ile hayakuwa na adabu. Pesa zake za safari tatu nimezituma kwenye simu. Kama ataniwia radhi, tukutane Mwembe Tayari kesho, kahawa na kashata juu yangu. Saa nikaiandika kwa herufi, kirefu, nisije nikarudia yale: saa kumi jioni, tukitoka kuswali alasiri.

Dakika mbili hazikupita akajibu.

"Nimekuwia radhi yakhe. Ila kumi ipi? Yetu au ya kompyuta?"